Fida na Drinka za Kuku wa Nyumbani: Namna ya Kuchagua, Kupima na Kuziweka

Mfugaji mwenye kuku kumi na tano au hamsini nyuma ya nyumba anatumia fedha nyingi kwenye chakula kuliko kwenye kitu kingine chochote. Kwa kuku wanaolishwa bandani, chakula hubeba kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama zote. Kwa hiyo chombo cha kulishia kinastahili kufikiriwa kabla hata ya kuamua bati la banda. Banda likiwa na kasoro utaliona siku ya kwanza. Fida mbaya inamwaga kidogo kidogo kila siku, chakula kinachanganyika na maranda, unakifagia na kukipeleka bustanini bila kujua kilikuwa na thamani gani.

Piga hesabu ndogo. Tetea wa kisasa anayetaga anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Ukiwa nao 20, hizo ni kilo 2.3 kwa siku, karibu kilo 70 kwa mwezi. Kikimwagika sehemu moja kwa kumi tu, umepoteza kilo 7 kila mwezi, na katika miezi saba gunia zima la kilo 50 limeishia chini ya miguu ya kuku. Kwenye kihori kilichojazwa hadi ukingoni hasara huzidi hapo kwa mbali. Fida nzuri inarudisha bei yake mapema, na baada ya hapo inaendelea kukulipa.

Drinka nayo ina kazi mbili: kuwapa kuku maji safi wakati wote, na kuliacha banda likiwa kavu. Hiyo ya pili ndiyo wengi tunaisahau, na kuisahau ndiko kunakoleta kuhara damu.

Hatua ya 1: Hesabu midomo kabla ya kilo

Dukani utaambiwa fida hii ni ya kilo 3, ile ya kilo 6, nyingine ya kilo 10. Ujazo huo unakueleza utajaza mara ngapi. Haukuelezi kuku wangapi wataweza kula kwa pamoja, na hilo ndilo swali la kwanza, kwa sababu kuku hula kikundi. Mmoja akianza kudonoa, wenzake wote wanakuja, hasa asubuhi na jioni kabla ya kulala. Nafasi ikiwa finyu, wenye nguvu wanashiba na wanyonge wanasubiri. Wakifika wao, zile chembe nzuri za mahindi na dagaa zimeshachaguliwa, imebaki vumbi.

Pima urefu wa ukingo ambao kuku anasimama mbele yake:

- Vifaranga hadi wiki 4: sentimita 2.5 kila mmoja
- Wiki ya 5 hadi ya 8: sentimita 5
- Wanaokua hadi kukaribia kutaga: sentimita 7.5
- Matetea na majogoo wakubwa: sentimita 10

Kihori kirefu kinacholiwa pande mbili kihesabu mara mbili. Kihori cha mita 1 kina mita 2 za ukingo, kinatosha kuku wakubwa 20. Chombo cha mviringo kinabeba kuku wengi zaidi ya urefu wa ukingo wake, maana kuku hukizunguka vichwa vikiwa karibu na mikia ikiwa imetawanyika. Fida ya kuning'iniza yenye sinia la kipenyo cha sentimita 40 inahudumia kuku wakubwa 20 hadi 25.

Kwa maji, kuku mkubwa anahitaji sentimita 2.5 za ukingo. Drinka ya chuchu, ile inayodondosha maji kuku akigonga kipini, inahesabiwa kwa chuchu: moja kwa kuku 8 hadi 10.

Hata kama hesabu inasema chombo kimoja kinatosha, nunua viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, kisha viweke mbali mbali. Kila kundi lina kuku mbabe anayesimama langoni na kuwafukuza wengine. Hawezi kulinda sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ushauri huu nautilia mkazo kuliko mwingine wote humu, na ni wa bei rahisi.

Hatua ya 2: Anza na umri wa kuku

Siku tatu za kwanza kifaranga hajui fida ni nini. Mwekee chakula kwenye sinia bapa, au juu ya karatasi isiyoteleza, pale pale kwenye joto la bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga. Karatasi laini ya magazeti inateleza na miguu ya vifaranga hutanuka, kwa hiyo itumie kwa muda mfupi au tandika boksi juu yake. Sauti ya chembe zikidonolewa kwenye karatasi inawaita wengine waje.

Maji yatangulie chakula. Vifaranga wakishushwa kutoka kwenye boksi la safari, chovya midomo ya wachache kwenye maji ya uvuguvugu, wengine wataiga. Chakula kifuate baada ya saa moja au mbili. Drinka ya lita 1.5 au 3 yenye mfereji mwembamba ndiyo inayofaa. Mfereji ukiwa mpana, tia kokoto safi ndani yake wiki ya kwanza. Kifaranga akiloa hupoteza joto haraka, na anaweza kuzama katika maji ya kina cha vidole viwili.

Jioni ya siku ya kwanza papasa gole la vifaranga kadhaa, kile kifuko cha chini ya shingo. Likiwa laini na limejaa, amekula na kunywa. Likiwa gumu, amekula bila kunywa, kwa hiyo sogeza drinka karibu. Likiwa tupu, hajakiona chakula. Hapo kosa linaweza kuwa mwanga, joto, au chombo kilichokaa mbali.

Kuanzia siku ya 4 waingizie fida ndogo, ile yenye matundu ya kuingizia vichwa, na masinia uyaondoe kidogo kidogo. Kila unapobadili chombo, acha cha zamani na kipya pamoja kwa siku tatu hadi tano. Kuku hupenda alichokizoea, na kubadilisha ghafla kunaweza kumlaza njaa huku chakula kikiwa mbele yake.

Kama unafuga kuku wa kienyeji na vifaranga wanatembea na mama yao, tatizo ni jingine: mama, majogoo na mbuzi wa jirani wanamaliza chakula cha vifaranga kabla wenyewe hawajafika. Lifunike tenga juu ya fida na drinka ndogo, tenga lenye matundu ambayo kifaranga anapita na mkubwa hapiti. Vifaranga watakula ndani kwa utulivu. Hii pia inazuia vifaranga kula chakula cha matetea wanaotaga, ambacho kina madini ya kalsiamu mengi mno kwa figo zao changa.

Hatua ya 3: Chagua aina ya fida

Kihori kirefu, cha mbao, bati au plastiki, ni cha zamani na bado ni kizuri kikitengenezwa sawasawa. Mtazame kuku anavyokula utaelewa kinahitaji nini. Hadonoi tu kwenda chini. Anatikisa mdomo kushoto na kulia akitafuta chembe kubwa, unga unaruka pembeni. Kihori chenye kuta zilizosimama wima kinauachia unga ule uende zake. Kwa hiyo ukingo wa juu ukunjwe kuelekea ndani kiasi cha sentimita 2 hadi 2.5, unga ugonge hapo urudi. Juu yake weka kijiti cha mviringo kinachozunguka kwa urahisi kwenye misumari miwili, kikikimbia katikati kutoka ncha hadi ncha. Kuku akijaribu kutua, kijiti kinazunguka, anashuka. Bila kijiti hicho watalala juu yake na kinyesi kitaingia kwenye chakula.

Fundi seremala wa mtaani anakitengeneza kwa mbao za kawaida: upana wa sentimita 12 hadi 15, kina cha sentimita 10, urefu mita 1. Mwambie apige randa ndani, maana nyufa za mbao hushika unga, unaloa, unaota ukungu. Unga wenye ukungu una sumukuvu, na sumukuvu huharibu ini la kuku na kushusha kinga yake.

Fida ya kuning'iniza, yaani silinda au ndoo iliyokaa juu ya sinia, ndiyo ninayoishauri kwa mfugaji mwingi wa mjini mwenye kuku 10 hadi 60. Inachukua nafasi ndogo, inajazwa mara moja kwa siku, na kimo chake unakibadili kwa kamba. Ukiwa dukani angalia mambo haya. Je, kuna vizuizi vinavyogawa sinia vipande vipande ili kuku asiingize mwili wala kufagia chakula? Je, nafasi kati ya silinda na sinia inaweza kupunguzwa na kuongezwa? Chakula cha unga kinahitaji nafasi kubwa kidogo kuliko cha vidonge. Je, ukingo wa sinia umekunjwa ndani? Je, ndoano na mpini vinabeba uzito ikijaa? Inyanyue kwa mpini na uitikise, plastiki nyepesi itajipinda mbele ya macho yako.

Unaweza pia kuitengeneza nyumbani. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, toboa matundu manne hadi sita kuzunguka chini kabisa, kila moja la upana wa sentimita 4 hadi 5, kisha ikaze kwa skrubu katikati ya sinia au beseni fupi la kipenyo cha sentimita 42 hivi. Kuku atapata nafasi ya sentimita 6 kila upande, inayomtosha kichwa na isiyomtosha kusimama. Lainisha kingo za matundu kwa msasa. Ndoo iliyowahi kubeba dawa ya shambani au kemikali ya kiwandani usiitumie hata ukiiosha mara kumi.

Bomba la plastiki la inchi 4 lenye kona chini limependwa sana, na picha zake zinavutia. Linafaa kwa vidonge na nafaka nzima. Kwa chakula cha unga, ambacho ndicho wengi wetu tunachonunua au kuchanganya wenyewe, silipendi. Unga hushikana ndani na kuning'inia, juu panaonekana pamejaa huku chini pakiwa patupu, na kwenye kona unabaki unga wa wiki iliyopita ambao mkono haufiki. Tena mdomo mmoja wa bomba unalisha kuku mmoja kwa wakati. Ukiamua kulitumia, weka mabomba kadhaa, lifanye fupi, na kona iwe ya kuchomoa ili isafishwe.

Kuna fida ya kukanyaga, kuku akipanda kibao kifuniko kinafunguka. Inazuia panya na shomoro kwa kweli, ila ni ghali, vifaranga hawana uzito wa kuifungua, na kuku wanahitaji kufundishwa. Kwa kuku wakubwa mahali penye panya wengi inalipa.

Sufuria kuukuu, sahani na tairi lililopasuliwa navifikiria kwa kuwapa kuku majani na mabaki ya jikoni tu. Kuku anaingia na miguu yake, anachakura, na ulichomwaga kinageuka tope.

Matetea wanaotaga wawe na kikopo cha pembeni cha chokaa ya mifugo au maganda ya chaza yaliyosagwa. Kila tetea atajichukulia kadiri anavyohitaji.

Hatua ya 4: Chagua drinka

Anza tena na kiasi. Kuku hunywa takriban mara mbili ya uzito wa anachokula, kwa hiyo tetea mmoja anakunywa mililita 200 hadi 250 kwa siku ya kawaida. Hana tezi za jasho. Joto likizidi anatweta, anapoteza maji kwa pumzi, na kiasi hicho kinaweza kufika nusu lita. Kuku 20 wa Dar es Salaam au Tanga mwezi wa Januari waandalie lita 10, hata kama mwezi wa Julai walitosheka na 5. Yai lenyewe kwa ndani ni maji kwa takriban robo tatu. Tetea akikosa maji kutwa moja ya jua kali, utagaji unashuka kwa siku kadhaa na wengine huanza kunyonyoka manyoya.

Drinka ya kugeuza, ile unayojaza maji kisha unaipindua kwenye sahani yake, ndiyo ya kawaida kwenye maduka ya pembejeo. Inauzwa ya lita 1.5, 3, 5 na 10. Kabla hujalipa, omba ijazwe. "Kaka, nitilie maji humu nione" si ombi la ajabu, na muuzaji anayejiamini atakutilia. Iweke mezani, subiri dakika tano. Maji yakiendelea kupanda mpaka yakamwagika, kuna upenyo wa hewa juu au kifunga kimepinda. Inyanyue kwa mpini ikiwa imejaa, sahani isichomoke. Ya lita 10 ina uzito wa kilo 10 na zaidi, kwa hiyo kama anayehudumia kuku ni mtoto au bibi, nunua mbili za lita 5.

Kichwa cha drinka kiwe na mteremko, kikiwa bapa kuku wataketi juu yake. Plastiki isiyopitisha mwanga ni bora kuliko inayoonyesha ndani, maana mwanga huotesha utando wa kijani.

Ya kujitengenezea ni dumu la lita 5 na beseni dogo. Ukielewa inavyofanya kazi hutakosea: maji hutoka kwenye tundu mpaka yafunike tundu lenyewe, hewa inakosa pa kuingilia, maji yanasimama. Kuku wakinywa na tundu likiwa wazi, hewa inaingia na maji yanashuka tena. Kwa hiyo tundu ni lazima likae chini ya ukingo wa beseni. Beseni likiwa na kina cha sentimita 5, toboa dumu sentimita 3 kutoka chini. Ukitoboa juu ya ukingo, lita zote 5 zitakwenda sakafuni. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, kaza kifuniko, weka ndani ya beseni, achia. Beseni lizidi upana wa dumu kwa sentimita 5 kila upande, si zaidi.

Jua nalo lina namna yake ya kukuharibia. Dumu au drinka iliyobaki nusu ikipigwa na jua, hewa iliyo ndani hutanuka na kuyasukuma maji nje, na unarudi jioni unakuta maranda yameloa wakati drinka haina ufa wowote. Isogeze kivulini. Kuku wenyewe hawapendi maji ya moto, wataacha kunywa saa ile ile wanayoyahitaji zaidi.

Drinka ya chuchu ndiyo safi kuliko zote. Kuku anagonga kipini kidogo, tone linashuka mdomoni, hakuna sahani ya kuingia maranda na kinyesi. Unaweza kuzifunga chini ya ndoo, au kwenye bomba linalotoka kwenye ndoo iliyoinuliwa. Usiziunganishe moja kwa moja na bomba la mtaa au simtanki lililoko juu ya nyumba, kwa kuwa msukumo utazifanya zivuje. Ndoo iliyo nusu mita juu ya chuchu inatosha. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko hewa ipite, la sivyo maji yatagoma kushuka. Maji ya kisima yenye mchanga au kutu yapitishe kwenye kitambaa safi, chembe moja ikinasa kwenye chuchu itadondosha maji usiku kucha. Na kila asubuhi zigonge kwa kidole moja baada ya nyingine. Chuchu iliyoziba haionyeshi dalili kwa macho, na kuku wa upande ule watakaa na kiu huku ndoo imejaa.

Chuma cha mabati kinadumu, lakini usikitilie siki wala dawa yenye asidi, vitayeyusha zinki. Kwa chanjo inayotiwa kwenye maji pia plastiki ndiyo inayotakiwa.

Hatua ya 5: Weka kimo sahihi

Ukingo wa fida uwe sawa na mgongo wa kuku akiwa amesimama. Ukishuka chini ya hapo, anachakura na kuingiza maranda. Ukipanda mno, wafupi hawafiki. Kama una mchanganyiko wa wakubwa na wadogo, fuata kimo cha wadogo, au waweke fida mbili za vimo tofauti. Ukingo wa drinka ya sahani uwe kidogo juu ya mgongo. Chuchu iwe usawa wa jicho kwa kifaranga wa siku za kwanza, baadaye ipandishwe mpaka kuku anyooshe shingo akiwa amekanyaga kwa nyayo zote mbili. Akichuchumia, shusha. Akiinamisha kichwa pembeni, pandisha, maana maji yatakuwa yanamdondoka.

Kuku wanaokua wanahitaji kamba ikazwe upya kila wiki. Funga fundo linalofunguka, au tumia mnyororo mwembamba wenye ndoano.

Kisha kiasi cha kujaza. Kihori kisizidi nusu, na theluthi ni bora zaidi. Lisha mara mbili kwa siku badala ya kujaza mara moja. Kwa fida ya kuning'iniza punguza mwanya mpaka unga kwenye sinia ukae chini ya nusu ya ukingo. Kati ya mabadiliko yote unayoweza kufanya bila kutoa shilingi, hakuna linalookoa chakula kama hili.

Hatua ya 6: Chagua mahali

Fida ikae ndani au chini ya paa, mvua ya upepo isiifikie. Isiwe chini ya vichanja vya kulalia. Kuku asitembee zaidi ya mita 3 kutoka chakula hadi maji, hasa kwenye joto.

Drinka iweke juu ya fremu ya mbao iliyofunikwa wavu, matone yadondoke chini kuku wasikofika. Mayai ya vimelea vya kuhara damu yanahitaji unyevu, joto na hewa ili yakomae, na yakipata hivyo siku mbili zinatosha. Maranda yaliyoloa kuzunguka drinka ndiyo kitalu chao. Yachote yote kila unapoyaona na utie makavu. Banda likikuwasha macho ukiinama usawa wa kuku, hiyo ni amonia, na mara nyingi chanzo chake ni drinka.

Siafu na sisimizi wazuie kwa kupaka grisi kwenye waya wa kuning'inizia. Panya huja usiku: jioni kuku wakishalala, toa fida uifunike, na chakula cha akiba kikae kwenye pipa lenye mfuniko unaobana. Shomoro na njiwa wanaokula pamoja na kuku wako wanaweza kuleta ugonjwa wa mdondo (kideri) na chawa, kwa hiyo wavu wa matundu madogo una kazi yake.

Hatua ya 7: Usafi, na siku ya chanjo

Mwaga maji yaliyobaki kila asubuhi, sugua drinka kwa brashi na sabuni, suuza. Pitisha kidole ndani ya mfereji: ukihisi utelezi, haijatakata, hata kama inang'aa. Utelezi ule ni vijidudu vilivyojijengea makazi, na suuza peke yake haiwaondoi. Mara moja kwa wiki loweka kwenye maji yenye jiki, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5, dakika kumi hadi kumi na tano, kisha suuza vizuri na uanike juani. Fida ikaushe kabisa kabla ya kujaza upya.

Ukimpa kuku vitamini au dawa kwenye maji, sukari iliyo ndani yake huotesha utelezi huo haraka. Osha jioni ile ile.

Chanjo za maji, kama ile ya gumboro na baadhi za mdondo, zina virusi hai ambavyo klorini huviua. Siku ya chanjo usitumie jiki wala sabuni kwenye drinka, sugua kwa maji matupu. Tumia maji yasiyo na klorini, na uyatie maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa kila lita, robo saa kabla ya chanjo. Nyima kuku maji saa moja hadi mbili kabla. Hapa idadi ya drinka inaonekana umuhimu wake: chanjo inatakiwa iishe ndani ya saa mbili na kila kuku anywe, kwa hiyo azima drinka za ziada kama zako hazitoshi theluthi mbili ya kuku kunywa kwa pamoja. Kwa kundi dogo la kienyeji, chanjo ya mdondo ya I-2 inayotiwa tone jichoni kila miezi mitatu ina uhakika zaidi, maana hutegemei nani alikunywa.

Hatua ya 8: Pima kama umechagua vizuri

Tandika kiroba au turubai safi chini ya fida kuanzia asubuhi hadi jioni. Chekecha kilichoanguka uondoe kinyesi, kipime kwenye mzani, ulinganishe na ulichojaza. Kikizidi sehemu moja kwa ishirini, rekebisha kimo kwanza, halafu kiasi cha kujaza, na ukiona bado, badilisha fida.

Asubuhi ya pili simama kando wakati unamwaga chakula. Wahesabu waliosimama nyuma wakizungukazunguka bila kupata pa kuingiza kichwa. Wakiwa wawili au watatu kati ya 20 na wakaingia baada ya dakika chache, sawa. Wakiwa watano na wanafukuzwa, ongeza fida ya pili upande mwingine wa banda.

Mfano: matetea 18 na majogoo 2

Kwa banda la nyuma ya nyumba, Kimara au Morogoro mjini, ningenunua hivi: fida mbili za kuning'iniza za kilo 6, drinka mbili za kugeuza za lita 5, kikopo cha chokaa, mita chache za mnyororo, na fremu ya wavu ya sentimita 60 kwa 60 kwa kila drinka. Fida moja ingehudumia kundi hili kwa shida, mbili zinawapa wanyonge nafasi. Drinka mbili zinabeba lita 10 za siku ya joto kali. Kama maji ya mtaa hutoka kwa mgao, weka ndoo ya lita 20 yenye mfuniko pembeni, ya kuku tu.

Baadaye, ukiridhika kwamba utaendelea, badilisha drinka moja iwe ndoo yenye chuchu tatu, uiache ile nyingine ya kugeuza kwa wiki mbili mpaka wote wajue kugonga. Usiiuze hata wakishajua. Utaihitaji siku ya chanjo, na utaihitaji kuku mgonjwa akitengwa.

Kagua vyote mwanzoni mwa kila mwezi. Plastiki iliyokaa juani hukatika ghafla, na ukingo uliovunjika unakata upanga na ndevu za kuku. Sahani ya drinka ikipasuka usiiunge kwa gundi, nunua sahani peke yake, maduka mengi ya pembejeo huziuza.